Soja wa Levo ya Kumi na Saba

Kitu cha kwanza nilichofanya, na wacha nikiseme mapema kabla hujaanza kunipenda, ni kubisha mlango wa mjane vile marehemu mumewe alivyokuwa akiubisha. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wiki mbili baada ya mazishi. Niligonga mabati mara tatu haraka, nikanyamaza, nikagonga moja ya polepole. Halafu nikabana koo na kusema, kwa sauti ya mzee aliyekesha kazini na hataki maswali, “Fungua, ni mimi.” Nikatoroka hadi nyuma ya choo, nikachuchumaa hapo na ndoo kama mtu mwenye shughuli halali. Sikutaka kumuumiza mtu. Nilikuwa najaribu sauti ya gemu yangu, na katika akili yangu ya Form Two hakukuwa na mtu bora wa kuijaribia kuliko mwanamke aliyeisikia sauti hiyo kila asubuhi kwa miaka ishirini.

Nimekumbuka hayo kwa sababu juzi, baada ya shule, nilipita pale kwetu pa zamani, Kisumu Ndogo ya Kibera, nikashindwa kujua nimesimama wapi. Plot yetu ya vyumba kumi na viwili imekuwa barabara. Nilihesabu hatua kutoka kanisa la mabati lililoponea, nikapata kwamba chumba chetu, namba nane, sasa ni mtaro, na mlango namba tisa uko katikati ya lami. Nikasimama hapo juu yake. Dereva wa lori akapiga honi, akatoa kichwa: “Wewe kijana, umechoka kuishi?” Nikamwambia nimesimama kwetu. Akacheka. Watu hunicheka hata nisipojaribu. Ndiyo shida ya kuitwa Kasuku. Jina langu ni Felix, lakini tangu darasa la tatu naiga watu. Namuiga mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo kichwani mwake, na pasta akiomba huku anachungulia nani hajafumba macho. Mama pia namuiga, vile anavyokohoa kabla ya kusema hapana. Sasa niko Form Four, na bado naiga. Lakini kuna sauti moja siigi, na sababu yake iko katika mwaka ule.

Chumba chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi, na pazia katikati. Ndani ya pazia kulikuwa na kitanda na mama. Upande wa mlango kulikuwa na mimi, jiko, na meza ambayo asubuhi mama alipangia omena za kuuza na jioni ikawa ofisi yangu. Laptopu ilikuwa ya mtumba, betri imekufa, kwa hivyo stima ikipotea na kazi inapotea nayo. Nilijifunza kuhifadhi kila baada ya dakika tatu, kama mgonjwa na dawa. Kibodi ilinuka samaki kiasi kwamba nilipoipeleka Kawangware kwa fundi, aliifungua, akanusa, akaniuliza, “Buda, hii laptopu mliivua wapi?” Kila kitu nilifanya mwenyewe. Mwandishi wa programu alikuwa mimi, mchoraji mimi, mpiga muziki mimi, na idara ya malalamiko pia ilikuwa mimi, na hiyo idara haikuwahi kupumzika kwa sababu rafiki yangu Brayo ndiye aliyekuwa akijaribu gemu kwa simu yake iliyopasuka kioo. “Manze Kasuku, hii ni ngumu bure. Ni kama hesabu imevaa nguo.”

Gemu iliitwa Fungua. Unaona plot kutoka juu, kama ndege: korido nyembamba, milango sita kila upande, lango upande mmoja. Kwenye korido kuna vitu vya kawaida vya plot: mama anafua, mwenye mkokoteni wa maji, mbuzi, gunia la makaa. Kila kimoja kinasogea njia moja tu. Kazi yako ni kuvisogeza hadi mzee mwenye koti refu apate njia kutoka langoni hadi mlango namba tisa. Akifika, anabisha, levo inaisha. Nilikuwa na sheria moja, na mpaka leo ninayo: levo ambayo mimi mwenyewe siwezi kuimaliza, haitoki.

Mzee wa koti refu hakuwa wa kubuni. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Baba Apiyo, na plot nzima tulimwita Soja kwa sababu alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kule Kawangware. Jioni alitoka na rungu na tochi, asubuhi akarudi kwa miguu, akabisha: tatu, kimya, moja. Mkewe alifungua kabla chai haijachemka mara ya pili. Alijua nimemtia kwenye gemu. Siku moja alisimama mlangoni petu na kikombe mkononi, akaangalia skrini kwa muda mrefu.

“Kichwa yangu mbona ni kama kiazi?”

“Ni vigae, Soja, viraba vya kuchorea. Kichwa chote ni vigae vinne.”

“Sawa. Na nikishafika kwa mlango, nafanya nini?”

“Unaingia. Levo inaisha.”

Akafikiria. “Halafu naanza tena huko langoni?”

“Ndiyo. Levo ingine.”

“Kwa hivyo hata huko ndani ya simu niko kazi,” akasema, akacheka hadi chai ikamwagika. Aliniahidi kwamba Jumapili atakuja anisemee ile “Fungua, ni mimi” niirekodi kwa simu, sauti yake kamili, bure. Jumapili hiyo hakufika. Alikufa alfajiri ya Ijumaa, ameketi kwenye kiti chake katika veranda ya lile duka, rungu kwenye mapaja. Mwenye duka alidhani amelala, akamkemea kwanza.

Kwa siku sita korido yetu ilijaa mabenchi ya kanisa na viti vya plastiki, na sufuria kubwa ya chai haikutoka motoni. Lango liliachwa wazi mchana na usiku, vile inavyofanywa matanga yakiwepo. Katika nyumba za mabati husikii kwa masikio peke yake. Unasikia kwa mgongo ukiegemea ukuta. Hivyo ndivyo nilivyosikia mama na wanawake wengine wakisema jambo ambalo sikulijali. Ndugu za Soja walikuwa wamemtoa mochari na kushika barabara moja kwa moja hadi nyumbani, upande wa Siaya. Hawakumpitisha mlangoni pake. Walisema korido imejaa, barabara imechimbwa, gari halipiti, muda umeenda. “Na pale Kawangware alipoangukia?” mwanamke mmoja aliuliza. “Kuna mtu alienda kumchukua?” Mama akajibu, “Nani? Walichukua mwili tu.” Kwetu, mtu akifia mbali, kuna anayeenda mahali pale na tawi bichi, anamwita kwa jina, anamwambia twende, na anaongea naye njia nzima. Ukibeba mwili ukaacha kumwita, umebeba mzigo na kumwacha mwenyewe. Kila mtu pale alijua. Kila mtu alidhani mwingine amefanya.

Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati huo? Nilikuwa nachora. Nilitazama korido iliyojaa mabenchi, nikaona fumbo zuri kuliko yote niliyowahi kubuni. Nikaihesabu: benchi nne, viti kumi na moja, sufuria, meza ya kitabu cha rambirambi. Nikaiweka yote, nikalichora hata lango likiwa wazi. Hiyo ikawa levo ya kumi na saba, na haikukubali kumalizika. Nilijaribu wiki nzima. Benchi moja likitoka, jingine linaziba. Nilifika hadi mlango namba saba, na hapo kila mara Soja alikwama. Sauti yake bado haikuwepo, kwa hivyo nikairekodi mwenyewe, kwa kuiga. Nilipotaka kujua kama imefanana, nikaenda nikabisha.

Kutoka nyuma ya choo niliusikia mlango ukifunguliwa. Nilingoja kelele, au matusi, au kiatu. Badala yake nikamsikia Mama Apiyo akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kulalamika kidogo, “Umechelewa leo.” Na mlango ukafungwa taratibu, vile unavyofunga mlango mtu akishaingia.

Yeye alikuwa amerudi kutoka mazishi kuchukua vitu tu. Milango yote ya plot ilikuwa imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu; barabara ilikuwa inakuja, na tulikuwa tumepewa wiki nne tutoke kabla mashine haijaingia. Binti yake, Apiyo, alikuwa amemwandalia chumba Kisumu. Magunia yalikuwa yamefungwa. Asubuhi ile ile niliyobisha, aliyafungua. Nilisikia sufuria zikirudi kwenye rafu moja moja. Jioni Apiyo akapiga simu, na kwa kuwa Mama Apiyo huweka simu kwa sauti kubwa na kuishika mbali kama nyoka, plot nzima ilisikia.

“Mama, hiyo nyumba wanabomoa.”

“Wabomoe zingine.”

“Mama, utakaa wapi?”

“Nikitoka hapa, baba yako akija atabisha wapi? Anajua mlango mmoja tu.”

Apiyo akalia. Mimi nilikuwa nakula ugali upande wa pili wa bati, na tonge likakwama kooni. Mama akanitazama. “Nini? Mfupa?” Nikasema ndiyo. Ilikuwa sukuma wiki.

Ningeweza kukiri usiku huo huo. Najua. Nilijiambia atasahau baada ya siku mbili. Nilijiambia pia kwamba ni mzaha mdogo, kwamba nilibisha mara moja, na mtu hawezi kukataa kuhama kwa sababu ya mbisho mmoja. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kasorobo, nikiwa nimeketi kitandani navaa soksi za shule, nikasikia bati la namba tisa: tatu haraka, kimya, moja ya polepole.

Nilimpata Brayo kwa lango la shule, nikamshika kola. “Ni wewe unabisha kwa Mama Apiyo?”

“Mimi? Saa kumi na mbili? Msee, saa hiyo hata roho yangu haijarudi kwa mwili.”

“Apa.”

“Haki ya mama. Kwani nani anabisha?”

Sikumwambia. Siku ya tatu nilisimama nyuma ya mlango wetu, jicho kwenye tundu la msumari, dakika kumi kabla. Korido ilikuwa nyeupe kwa ukungu na moshi wa jiko la mtu. Hakukuwa na mtu, hata paka. Nilisikia mbisho ule, nikiangalia mlango ule, na sikuona mkono. Bati huchapa lenyewe likipata joto, ndivyo nilivyojieleza, lakini bati linalopata joto kabla ya jua ni la wapi? Mlango ukafunguka. Mama Apiyo alikuwa amevaa leso na kushika vikombe viwili. Akasogea kando kidogo, ili mtu apite.

Na kwenye gemu nako mambo yalianza. Ukimwacha mzee bila kumgusa, anatakiwa kusimama akiangalia mbele, upande wa milango. Ndivyo nilivyoandika. Lakini kwenye levo ya kumi na saba, ukiweka simu chini dakika moja, alikuwa anageuka. Anaangalia nyuma, langoni. Brayo ndiye aliyeona kwanza: “Huyu mzee wako anaangalia nani?” Nikapitia programu mstari kwa mstari, jioni mbili, hadi mama akaniuliza kama natafuta chawa. Sikuona kosa. Levo zingine zote alisimama sawa.

Wiki tatu zikaisha hivyo. Majirani walianza kuhama. Chumba namba tatu kikabaki bila mabati, mbavu tupu. Mama alipata chumba Kianda, tukahamisha jiko na kitanda, lakini mimi niliomba nilale pale na laptopu hadi mwisho, nikidai stima ya Kianda ni mbovu. Ukweli ni kwamba sikuweza kumwacha peke yake na kile nilichokianzisha. Mashine ilikuwa ije Jumatatu. Jumatano jioni nikaenda kwa Mama Apiyo, nikasimama mlangoni na kusema, “Hodi,” kwa sauti yangu mwenyewe, nayo ilikuwa nyembamba.

Chumba chake kilikuwa kama alivyokiacha mzee. Koti lilining'inia msumarini, rungu chini yake, na tochi juu ya redio, vyote vimerudishwa kutoka dukani. Kitambaa cheupe kilichoshonwa maua kilikuwa kimetandazwa juu ya kochi. Mezani vikombe viwili, kimoja kimejaa chai yenye ngozi juu, ya asubuhi. Alinikaribisha kwa chai na viazi vitamu, na mimi, bila kugusa chochote, nikasema yote. Kwamba nilibisha. Kwamba niliiga. Kwamba ilikuwa ya gemu.

Alitafuna kiazi chake akamaliza. “Ile siku ya kwanza najua ilikuwa wewe, wuoda, mwanangu. Ulikimbia na ndala moja. Nyingine niliiokota.” Akaashiria chini ya kochi, na kweli ndala yangu ilikuwa pale, imeoshwa. “Mimi si mjinga. Nilisema umechelewa kwa sababu niliona aibu kukupigia kelele. Halafu nikaketi hapa nikajiuliza, huyu mtoto ameiga nini? Ameiga mtu ambaye hakuagwa. Kesho yake akaja mwenyewe.”

“Mama Apiyo, nilibisha mara moja tu.”

“Ndiyo nakwambia. Wewe ulibisha moja. Sasa niambie hizo zingine ni za nani.”

Nikainama, nikaiokota ndala yangu.

“Leta hiyo simu,” akasema. “Nionyeshe mzee wangu.”

Nikafungua levo ya kumi na saba. Nikamweleza: hii inasogea hivi, hii haisogei, lengo ni mlango huu. Aliona mabenchi, akayatambua. “Hii ndiyo ya kanisa, yenye mguu mbovu. Hii ni meza ya kuandika majina.” Akahesabu viti. “Ulituchora tukilia.”

“Samahani.”

“Mbona anaangalia nyuma?”

“Ni kosa la programu. Sijui limetoka wapi.”

“Kosa gani? Si anakuonyesha.” Akaweka kidole chake chenye mikwaruzo ya kufua juu ya Soja, akamvuta, wala si mbele. Akamvuta nyuma, hatua moja, kupita lango. Na Soja akatoka kwenye skrini. Nilikuwa nimelichora lango wazi kwa sababu ya matanga, na sikuweka ukuta hapo, kwa maana nani angefikiria kumrudisha nyuma mtu anayetaka kuingia? Korido ikabaki na viti na mabenchi, bila yeye. Nikabonyeza kuanza upya. Levo ikafunguka, na hakuwepo. Naweza kukueleza kwa nini: programu ilihifadhi mahali alipokuwa mwisho, na mahali hapo pako nje ya ramani. Ni hivyo tu. Nimejieleza hivyo mara nyingi.

“Wewe na mimi tumekuwa tukimlazimisha aingie,” Mama Apiyo akasema. “Mimi na chai, wewe na gemu. Jumamosi tunaenda kumchukua.”

Tulitoka asubuhi kwa miguu, njia ile ile aliyokuwa akipita, hadi Kawangware. Duka lilikuwa wazi, saruji imepangwa nje. Kwenye veranda kulikuwa na mlinzi mpya, kijana, ameketi kwenye kile kile kiti. “Mnatafuta nani?” akauliza. “Tumekuja kuchukua mtu,” Mama Apiyo akasema. Yule kijana alinitazama, akalitazama tawi bichi mkononi mwa mama huyu, tulilolivunja kwenye mti wa kando ya mtaro. Akasimama haraka, akavua kofia, akashuka ngazi bila kuulizwa tena. Sikumcheka. Mama Apiyo akaliweka tawi juu ya kiti.

“Baba Apiyo,” akasema, kisha akaendelea kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nilielewa: kwamba walimwacha, kwamba hawakukusudia, kwamba kazi imeisha. “Wadhi dala.” Twende nyumbani. Nilidhani ataniambia nimjibu kwa ile sauti. Koo langu lilikuwa tayari limejibana. Akaniona. “Usijaribu,” akasema. “Leo mwachie yeye.” Tukangoja. Mtu mmoja dukani akaacha kupima misumari. Kile kiti kikalia, mlio mdogo wa mbao, ule wa mtu mzito anapoinuka.

“Haya,” Mama Apiyo akasema. “Beba wewe. Wewe ndiye ulimwita. Na usiongee na mtu hadi nimpandishe gari. Ukiongea na mwingine, anadhani umemwacha, anashuka.”

Kunyamaza, mimi. Kutoka Kawangware hadi Kisumu Ndogo. Yeye alitangulia akimwelekeza mumewe: “Hapa kuna mtaro, inua mguu. Hapa pikipiki, ngoja. Hapa wanauza miwa, usisimame, meno yako unayajua.” Watu walitupisha. Wazee waliopita walielewa, wakatazama chini. Lakini pale tunapoingia Kibera, nani ameketi juu ya ukuta? Brayo.

“Kasuku! Niaje!”

Nikapita.

“Aii, umeokoka? Ama ni mti wa Krismasi mwezi wa sita?” Akaruka chini, akanifuata. “Kasuku, si uige mwalimu mkuu. Iga hata mbuzi! Mama Apiyo, mmemkata ulimi?” Aliniiga mimi, nikitembea na tawi, mabega yameinama, na ilikuwa nzuri, lazima nikubali, watoto watano wakacheka. Midomo yangu ilikuwa na majibu matatu tayari. Niliyameza yote. Tawi lilikuwa la urefu wa mkono, majani hayazidi ishirini, na tangu tutoke Kawangware nilikuwa nimebadilisha mkono mara nne kwa uzito. Brayo alinifikia, akanitazama usoni, akaacha kucheka. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kunigusa bega, akaona bega lenyewe halina nafasi.

Plot ilikuwa mifupa. Mama Apiyo akasimama mbele ya namba tisa, akabisha yeye: tatu, kimya, moja. “Umesikia? Hakuna mtu. Mimi nimetoka. Felix ametoka. Hata panya wametoka. Hapa patakuwa barabara, ukibaki utagongwa bure.” Akaingia, akatoka na koti la mzee na gunia moja. Hakufunga mlango. Tukapita langoni, akanitangulia, na mimi nyuma na tawi, hadi kwenye basi la Kisumu; kutoka huko angempeleka Siaya, kaburini pake. Akalichukua mkononi mwangu, akaliketisha dirishani, akalifunika koti. Mkono wangu ukapanda juu wenyewe, kama unavyofanya ukitua ndoo ya maji. Kabla basi halijaondoka akaniita dirishani.

“Hiyo gemu usiitupe. Lakini sauti yake itoe.”

Niliifuta asubuhi iliyofuata, pale kwenye chumba chetu kitupu, laptopu juu ya kreti, kabla mama hajaja kunichukua. Rekodi yenyewe ilikuwa sekunde mbili. Saa kumi na mbili kasorobo ilikuwa imepita na nilikuwa nimekaa macho, nikingoja, na bati la namba tisa halikusema kitu. Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna ile. Gemu ilitoka mwezi uliofuata, na levo ya kumi na saba ipo, na ndiyo pekee ambayo unashinda kwa kumtoa mzee nje. Wachezaji wengine huandika kulalamika kwamba ni mbovu, kwamba mzee anapotea na harudi. Idara ya malalamiko haijawahi kuwajibu.

Mama alifika akanikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia kila kitu, kuanzia nyuma ya choo hadi dirisha la basi, na sikumuiga mtu hata mmoja nikisimulia. Hakunipiga. Alichukua laptopu, akaizungushia leso, akaikumbatia kama mtoto, akatangulia korido. Kwenye lango akasimama kupumua na kuupumzisha mguu, akageuka, na akasema hivi, neno kwa neno:

“Mimi nikifa usinifanye gemu, Felix. Najua hutasikia. Basi ukinifanya, nipatie miguu haiumi.”